Pole ya Redioni

Baba yangu alikuwa mtu maarufu, ila nyumbani kwetu Mwananyamala hatukuwa na habari naye. Tabora, ambako hakuwahi kukanyaga, walimjua. Mbeya walimjua, Lindi walimjua, na kulikuwa na mama mmoja wa Bukoba ambaye hakukosa kumtaja, mpaka mama yangu akaanza kumuulizia kwa sauti laini ambayo sisi watoto tuliiogopa kuliko kelele zake. Kazini baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kidogo cha sabuni kule Mikocheni, mtu wa kupokea maboksi na kutia saini, na sidhani kama kuna bosi aliyewahi kulikumbuka jina lake lote. Lakini redio ikifunguliwa jioni, jina hilo lilisomwa nchi nzima, tena na lakabu yake ya redioni mbele, ambayo ilikuwa ndefu na ya kujisifu, na sitaiandika hapa kwa heshima ya marehemu.

Waliozaliwa juzi hawatanielewa nisipoeleza. Mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, wakati maduka ndiyo kwanza yanaanza kujaa vitu tena, kulikuwa na kadi za salamu. Unainunua dukani, unaandika jina lako na mtaa wako, halafu majina ya watu unaotaka wasalimiwe, na chini kabisa unaweka ujumbe. Unaipeleka posta. Baada ya wiki kadhaa, au zaidi, kutegemea rundo walilonalo huko, mtangazaji anaisoma hewani kwa madaha. Basi. Hakuna zawadi wala bahati nasibu. Unachopata ni kutajwa, na baba alipenda kutajwa kuliko pilau.

Nisimwonee. Kadi zake zilikuwa nzuri. Akitoka kazini alinawa mikono kama anakwenda kula, akakaa mezani, akatoa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na rula ya shule niliyokuwa nikiitafuta tangu asubuhi. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyechapwa fimbo darasani mpaka ukanyooka. Aliwasalimu walinzi wa kiwandani, dereva wa lori la sabuni, fundi aliyemshonea suruali, na mwalimu wake wa hesabu wa utotoni ambaye hakujua kama bado yu hai. Nilipochaguliwa kwenda sekondari aliniweka na mimi, na siku kadi iliposomwa nilitembea mtaani kichwa juu nikisubiri watu waniulize. Walioniuliza hawakuwa wengi, lakini utamu wake ninaujua, kwa hiyo sitajifanya nilikuwa nje ya jambo hili.

Tatizo la salamu ni kwamba hazina mwisho. Aliyekusalimu lazima umrudishie, na ukimrudishia naye atakurudishia, na usipofanya hivyo atakusema hewani kwa mafumbo. Baba alikuwa na watu wa kuwajibu Tanga, Singida na Songea, watu asiowajua hata kwa sura, na aliwafikiria kuliko jirani aliyetenganishwa naye na ukuta wa matofali. Kipindi kikianza, nyumba yote ilinyamazishwa. "Shii!" Wali ulipoa, chai iliota utando, na aliyeburuta stuli alitazamwa kwa macho mekundu. Siku moja jirani alikuja kutualika kwenye arusi ya binti yake, baba akamwonyesha kwa kidole asubiri kipindi kiishe. Yule bwana alisimama mlangoni kidogo, akatutazama, akaondoka zake. Arusini tulikwenda, lakini tuliwekwa nyuma kabisa, karibu na sufuria zinazooshwa.

Asipotajwa alinuna. Mtu mzima na ndevu zake, ananuna kwa sababu sauti isiyomjua haikumtaja! Mama alikuwa akimwambia, "Mie hapa nakutaja kutwa nzima, mbona hufurahi?" na baba anajibu kwamba hilo ni jambo jingine. Mama akajaribu kuzificha betri za redio ndani ya debe la unga. Baba akazipata. Na zilipoanza kuchoka alizianika juani juu ya bati la jiko ili zipate nguvu, akawa anatoka kwenda kuzigeuza kama mtu anayeanika dagaa. Mama akamuuliza mbele yetu, "Hao watakauka lini tuwakaange?" Baba alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia kwa muda mrefu.

Sasa nimlete shangazi, maana ndiye mwenye mkasa huu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, akiishi Temeke, akiuza maandazi asubuhi mbele ya nyumba yake. Mama yao alifariki baba akiwa bado ananyonya, na huyu dada, naye akiwa msichana tu, ndiye aliyemfunga mgongoni, akamkorogea uji, akamtafunia nyama mpaka alipoota meno ya kutosha. Posa ya kwanza aliikataa kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mtoto. Baba alikuwa akitusimulia haya mara kwa mara, na kila aliposimulia sauti yake ilibadilika. Shangazi akija kwetu hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja uani, akafunua sufuria, akasema mchuzi umezidi maji, kisha akamwita baba kwa jina la utotoni ambalo sisi tulikatazwa kulitamka. Mama alimpenda sana wifi yake, kwa vile wote wawili walikuwa na kazi moja ya kumtania mtu mmoja.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa Kisarawe kumuuguza bibi, na mimi ndiye niliyekuwa nikipika. Jioni moja baba alirudi kutoka kazini uso umemshuka. Kuli mmoja wa bandarini, anayemfahamu shangazi, alipita kiwandani kumwambia kwamba dada yake amelazwa kwa homa ya matumbo na hali si nzuri. Baba hakula. Alikaa akiutazama wali, akasema, "Dada yangu." Akarudia tena. Nilidhani atainuka avae viatu.

Aliinuka akanawa mikono. Akaleta kalamu zake na rula. Kadi ile ndiyo iliyomchukua muda kuliko zote nilizowahi kumwona akiziandika, aliacha majina mengine yote, nafasi nzima akampa dada yake peke yake. Alipomaliza alinisomea, sauti ikitetemeka, na mimi nikalengwa na machozi. Halafu akashusha pumzi, akavuta sahani, akala. "Nimeshampa pole shangazi yako," aliniambia, na kwa namna alivyosema nilielewa kwamba jambo limekwisha.

Jumapili hiyo watuma salamu wa mji walikutana Magomeni, na baba alikuwa anagombea ukatibu. Akaenda, akashinda. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kumkabidhi ukatibu wenyewe. Nilipomuuliza kuhusu shangazi, alinijibu, "Nilimtumia pole, mwanangu," bila wasiwasi wowote, na mpaka leo naamini alikuwa anasema kweli ya moyo wake. Huruma aliyokuwa nayo yote aliimwaga kwenye kadi ile, na baada ya kuimwaga miguu yake haikuona tena sababu ya kwenda popote. Hakuwa mtu mbaya. Jambo hili linaniuma nikilieleza, kwa kuwa watu wanapenda kusikia kwamba waliokosea walikuwa wabaya.

Kadi ikakaa huko kwenye rundo. Shangazi akaugua, akapata nafuu, akaruhusiwa, akarudi kwenye karai lake la maandazi. Mama naye akarudi kutoka Kisarawe. Habari ilikuwa imeshapoa, baba hakuigusa, na mimi nilidhani mama anajua.

Ilisomwa Jumapili alasiri. Mama na mimi tulikuwa tumekaa uani tunachambua mchele. Baba akaruka kutoka kitini. "Nyamazeni, mie huyo!" Akaongeza sauti mpaka kuku wakahama. Mtangazaji alijua kazi yake, aliivuta lakabu ya baba kama kibao cha taarabu, kisha akafika kwenye ujumbe: "Dada yangu mpenzi wa Temeke, uliyelazwa hospitalini kwa homa ya matumbo. Nimesikia habari zako na nimehuzunika mno. Ugua pole, Mungu atakunyanyua. Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni." Baba alikuwa amefumba macho, midomo yake ikifuatisha kila neno.

"Umesikia alivyoisoma?" akasema. "Huyu bwana ana sauti!"

Mikono ya mama ilikuwa imesimama ndani ya ungo. "Nani kalazwa?"

"Dada."

"Lini?"

"Aa, zamani kidogo. We ulikuwa Kisarawe. Saa hizi si keshapona."

"Ulikwenda?"

"Nilimtumia pole."

"Nakuuliza, baba watoto, ulikwenda kumtazama?"

Baba akanyoosha mkono kuelekea redioni, kwa mshangao wa mtu asiyeeleweka. "Si ndiyo hiyo umeisikia?"

Mama aliweka ungo chini. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na baibui lake, akaniambia nivae viatu, akamwambia baba avae viatu. Baba akauliza kama hatuwezi kusubiri kipindi kiishe, na hapo mama akamtazama tu, naye akavaa.

Tulibadilisha gari Kariakoo na tukafika Temeke jua likianza kupungua makali. Kwenye kibaraza cha nyumba ya jirani walikuwa wamekaa wanawake watano sita na redio yao katikati, wakisukana. Walipomwona baba, mmoja wao aliizima redio. Shangazi akatoka. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara nyingi kuliko kawaida, na nywele za mbele zilikuwa zimepukutika kwa homa. Nilitaka kumkimbilia, lakini kulikuwa na kitu usoni mwake kilichonizuia.

"Karibuni wageni," akasema.

Alitoa viti vya ndani, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya meza ndogo, akamtuma mtoto wa jirani soda, akazileta na bilauri zilizogeuzwa juu ya sahani. Alimpa baba kiti chenye mikono. Sijui kama msomaji wa leo analipata hilo. Kwetu sisi, ndugu hapewi kiti. Ndugu anajichotea maji mwenyewe mtungini, anakalia jamvi, anauliza kuna nini jikoni. Baba hakuwahi kunywa soda katika nyumba ile tangu kilipojengwa chumba chake cha kwanza, na sasa alikuwa ameishika bilauri mkononi, imejaa povu, asijue aipeleke wapi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Habari za Mwananyamala?"

"Nzuri, dada. Nimekuja kukutazama."

"Ahsante. Na salamu zako nimezipata. Zimesomwa vizuri."

Mama alianza kulia pale pale, akamshika wifi yake mikono, akamweleza kwamba yeye hakujua, alikuwa Kisarawe. Shangazi akamjibu kwa upole kwamba analitambua hilo, hana neno naye. Yule jirani mwenye nyumba ya kibaraza, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na chanuo limechomekwa kichwani, akashindwa kujizuia.

"Shemeji, nisamehe, mie mdomo wangu hauna kufuli," alimwambia baba. "Sie hapa tulikuwa tunakusema. Kila saa ya kuwaona wagonjwa tunapeleka uji, tunamuuliza, huyo mdogo wako mbona haji? Anatujibu, hajapata habari. Nyie hamumjui, angejua angelala hapa mlangoni. Anaumwa hivyo hivyo anakutetea. Katoka hospitali bado anakutetea. Ndo leo tumekaa hapo, tunakusikia mwenyewe unasema umesikia habari zake na umehuzunika."

"Basi," shangazi akasema. "Mwacheni mgeni anywe soda yake."

Nilimkasirikia baba kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla, na wakati huo huo nilitaka kumfunika na kanga mtu asimwone. Aliinamia bilauri. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mtoto aliyekaripiwa. Shangazi alitusindikiza mpaka barabarani, kama inavyopaswa kusindikizwa wageni, akatushukuru kwa kuja.

Baba akaapa hatagusa redio tena. Siku ile ile alizitoa betri, akampa mama pamoja na redio yenyewe, akaacha ukatibu aliokuwa ameukalia kwa muda mfupi tu. Tulimhurumia. Alizunguka nyumbani jioni kama mtu aliyepoteza funguo. Baadaye akaanza kwenda kwa kinyozi. Mtu anakwenda kunyolewa, si jambo la ajabu, lakini nywele hazijaota tayari anakwenda tena, na akirudi ana habari kwamba mama wa Bukoba amepata mjukuu. Mama akanituma. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka limemzunguka shingoni, kichwa kinang'aa kama yai, sikio limeelekezwa kwenye redio ya kinyozi, na kinyozi mwenyewe anamnyoa jirani mwingine pembeni.

Siku hiyo mama hakumgombeza. Alisema, "Huyu hawezi kuachishwa kama mtoto ziwa." Akamrudishia redio yake, ila akaishonea koti. Lilikuwa la kitambaa cha sare ya shule, likiifunika redio yote, na kwa mbele vifungo kutoka juu mpaka chini, vya kila aina, vya mashati, vya makoti ya mitumba, kimoja cha nguo yangu ya utotoni, na matundu yake aliyafanya madogo kwa makusudi. Anayetaka kusikiliza aruhusiwe, lakini afungue vifungo vyote, na akimaliza avifunge vyote. Baba na vidole vyake vinene alihangaika. Mara nyingi akifika kifungo cha katikati alikuwa ameshajiuliza anachotafuta humo ni nini, anaacha, anakuja kutuuliza tumepika nini.

Na kadi nazo mama aliziwekea sharti. Asimwandike mtu yeyote ambaye hajamwona kwa macho yake wiki hiyo.

"Na wa Songea?" baba akauliza.

"Wa Songea wana watu wao Songea."

Ilikuwa sheria ngumu kwa mtu kama yeye. Ili awe na jina la kuandika ilimbidi atoke. Akaanza kwa jirani wa arusi, akakaa naye kwenye baraza lake mpaka wakarudi kucheza bao. Akaenda kumwona fundi wa suruali na kukuta amehama. Akamtembelea mlinzi wa kiwandani nyumbani kwake Tandale, akarudi ameshtuka, kwa kuwa alimsalimu mtu huyo redioni miaka yote hiyo bila kujua kwamba ana mtoto asiyetembea. Kadi alizoandika zikapungua, maana mara nyingi akishakaa na mtu hakuona tena haja ya kumtumia. Mwenyewe alishangaa. "Nimeshaongea naye," alikuwa akisema, "nimwandikie nini?"

Nami simu yangu ninaivisha koti. Wanangu wananicheka, lakini nimekishona kimfuko chenye vifungo na jioni kinakaa jikoni juu ya kabati la vyombo, mbali na kiti changu. Juzi kwenye kundi la ukoo kulitangazwa kwamba binamu yetu amelazwa, na kabla sijamaliza kusoma zilikuwa zimemiminika pole na vile viganja viwili vya kuomba dua, mstari kwa mstari, na mimi kidole changu kilikuwa tayari kinatafuta vyangu. Nikajizuia. Nikaandika kuuliza nani amekwenda. Kukawa kimya, na vijana wakanuna, wengine wakasema ninapenda kukaripia. Napenda, ndiyo. Nilitengeneza uji nikaenda, na nilipofika mgonjwa alikuwa peke yake na simu yake kifuani, inatetemeka kwa pole.

Lakini nilikuwa nasimulia ya shangazi. Kwake sharti la mama halikutosha, na baba alilijua hilo. Kila Jumapili alivaa shati lake jeupe akaenda Temeke, saa zile zile za kipindi kikubwa cha salamu, na mara nyingi nilikwenda naye. Na kila Jumapili alipewa kiti chenye mikono. Kitambaa cha kufuma kilitandikwa. Soda ililetwa, bilauri juu ya sahani. "Habari za Mwananyamala?" aliulizwa, na akijibu kwamba ni nzuri aliambiwa ahsante. Alijaribu kila njia. Alikwenda kuchota maji mwenyewe, akaambiwa, "Kaa tu mgeni, utaletewa." Akaleta samaki, akashukuriwa kupita kiasi. Akataka kupiga magoti kuomba radhi, shangazi akamwambia hakuna kosa lolote, na soda yake inapoteza gesi.

Akirudi nyumbani mama alimuuliza kwa macho, naye anajibu, "Kanipa soda." Siku moja aliingia akaketi kitandani na viatu vyake, akasema, "Leo soda na biskuti," na akalia kabisa, mabega yakitikisika. Sikuwahi kumwona baba analia kabla ya hapo. Mama alimkalia karibu bila kumtania. Alimwambia aendelee kwenda. Baba akasema, "Nami nitakwenda wapi kwingine? Yule ndiye mama yangu," na kwa mara ya kwanza nililisikia neno hilo likisemwa juu ya shangazi bila hadithi ya mgongoni kufuata.

Akaendelea. Masika ikaja, barabara za Temeke zikajaa maji, akakunja suruali akaenda. Redioni hakumtaja dada yake tena hata siku moja. Akifika anakaa anapowekwa, anakunywa anachopewa, anauliza karai la maandazi limekwendaje, anamsikiliza, kisha anaaga. Nadhani shangazi aliona kwamba haji tena kuomba kitu. Alikuwa anakuja tu.

Jumapili moja tulifika tukakuta mlango wazi na sebule haina mtu. Baba akaketi kwenye kiti chake cha adhabu, mikono juu ya magoti. Kitambaa hakikuwa mezani. Tukasubiri. Kutoka uani ilisikika sufuria ikiwekwa jikoni, na kikohozi cha shangazi, na kuni zikivunjwa. Soda haikuja. Baba akanitazama kwa wasiwasi, akadhani sasa hata ugeni amenyimwa.

Ndipo sauti ikapasua kutoka uani, ikimwita kwa lile jina la utotoni, tena lote, na urefu wake.

"We! Umekaa huko unangoja nini, bwana harusi? Njoo hapa unikunie nazi, mkono unaniuma mie!"

Kiti kilianguka. Sikuwahi kumwona mtu mzima akienda mbio kwa umbali mfupi kama ule. Nilipofika uani alikuwa ameshakalia mbuzi, shati jeupe, nazi mkononi, anakuna kwa nguvu zote huku machozi yakimtiririka waziwazi na mdomo ukicheka, na shangazi amesimama juu yake amejishika kiuno.

"Unafika mpaka kwenye kifuu, utanitia weusi kwenye tui! Nani kakufundisha? Kwa mkeo ndo mnakunaga hivi?"

"Hapana, dada."

"Taratibu. Zungusha. Si hivyo, zungusha!"

Yule jirani akachungulia juu ya ua wa makuti, chanuo lake kichwani kama kawaida, akauliza kama mgeni wa Mwananyamala amefika leo, ampitishie mtoto alete soda.

"Mgeni gani?" shangazi akamjibu, kwa sauti ya kufika vibaraza vyote. "Sina mgeni mie leo. Kaja mdogo wangu."

Akainama, akachukua bakuli la nazi iliyokunwa kutoka miguuni mwa baba, akaionja, akakunja uso, na akampa ya pili aikune.